Uthabiti wa Mti na Mtandao katika Uainishaji wa Lugha za Kibantu

Tangu Guthrie alipochapisha kazi yake kubwa ya isimu linganishi ya Kibantu (1967–1971), suala la namna ya kuonyesha unasaba wa lugha hizi halijafungwa. Mwaka 2002 Holden alijenga mti wa lugha 75 kutokana na orodha ya maneno ya msingi 92. Mwaka 2006 yeye na Gray waligeukia mtandao, kwa hoja kwamba ukopaji na mwendelezo wa lahaja huacha alama ambazo mti hauwezi kuzibeba. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mtafiti anayechagua kati ya modeli hizi mbili hana budi kwanza kuonyesha ipi ni thabiti, na kwa kipimo gani.

Kipimo cha kawaida ni kile alichopendekeza Felsenstein mwaka 1985. Katika orodha ya maneno 92 huchotwa maneno 92 kwa nasibu, kila lichotwalo likirudishwa; hivyo mengine hujirudia na mengine hukosekana. Modeli hujengwa upya, na kazi hiyo hurudiwa, tuseme mara 1000. Mgawanyo unaojitokeza mara 950 huhesabiwa kuwa thabiti. Unaojitokeza mara 300 hutiliwa shaka.

Kosa huanza pale wastani wa mti unapolinganishwa na wastani wa mtandao. Mti usio na shina wa lugha 10 hauzidi migawanyo 17; mtandao wa Bryant na Moulton waweza kufikia 45. Katika kila modeli, migawanyo 10 hutenga lugha mojamoja tu, wala haithibitishi unasaba wowote. Inayobaki ni 7 dhidi ya 35, na mingi ya hiyo 35 ni dhaifu kwa maumbile yake. Wastani wa mtandao utashuka hata pale unapoonyesha mgusano wa kweli ambao mti umeuficha. Ulinganisho wa haki hutumia michoto ileile, hutazama migawanyo inayopatikana katika modeli zote mbili, na huipima mingine kwa urefu wake. Aidha, kinachochotwa kiwe dhana nzima, si safu mojamoja za mizizi yake, kwani safu hizo hutegemeana.

Zaidi ya hayo, uthabiti si ukweli. Iwapo neno damu, lenye asili ya Kiarabu, litahesabiwa kuwa urithi wa pamoja wa Kiswahili na jirani zake, na mikopo mingine ikafuata njia hiyo, kila mchoto utarudia kosa lilelile, na kosa litapata alama za juu. Ndiyo maana kazi ya Nurse na Hinnebusch (1993) kuhusu Kisabaki, iliyochunguza pia mabadiliko ya sauti na mofolojia, haijapitwa na wakati. Hesabu huonyesha kiasi cha kuiamini data. Uchambuzi wa mikopo hubaki kazi ya mwanaisimu, nayo yapasa itangulie.