Mheshimiwa Brutus na Ulimi wa Antony

Hakuna neno lililochakaa katika mitaa ya Eastlands kama neno "mheshimiwa". Kutoka Kamukunji hadi uwanja wa Jacaranda, kutoka Kaloleni hadi mabaraza ya kahawa ya Majengo, mheshimiwa ni mbunge, mheshimiwa ni mwakilishi wa wadi, mheshimiwa ni yeyote aliyeshuka kwenye gari kubwa akaanza kupungia watu mkono. Hakuna alitamkaye kwa nia ya kutukana. Hata hivyo, msikilize kijana wa Jericho au wa Kariobangi anavyolivuta neno hilo mdomoni, utaona kwamba ndani yake mna swali.

Basi ndugu msomaji, swali hilo si geni. Ndilo lililoiwasha moto Roma katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri na kuitoa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 alitoa na Mabepari wa Venisi, kisa cha riba na deni ambacho Mwislamu hahitaji kufafanuliwa. Mtu mwenye dola nzima mabegani mwake alijitwika kazi hiyo kwa sababu aliamini kuwa Kiswahili ni lugha pana, na kwamba upana wa lugha haujulikani mpaka lugha itumiwe. Sisi washairi wa pwani tuna ugomvi wetu wa zamani na beti zisizo vina, na ugomvi huo haujesha. Lakini tamthilia si utenzi. Tamthilia hupimwa kwa mdomo wa mchezaji na sikio la mtazamaji, na kwa mizani hiyo kazi ya Mwalimu imesimama.

Tuitazame ile mandhari ya mazishi. Caesar ameuawa, na watu wa mjini wanataka kujua kwa nini. Brutus ndiye anayetangulia kunena. Ni mtu safi, na maneno yake ni safi. Anasema alimpenda Caesar, ila Roma aliipenda zaidi, na kwamba marehemu aliuawa kwa tamaa yake ya ukubwa. Shakespeare alimpa hotuba ya maneno ya kawaida, si ya ushairi, hoja juu ya hoja kama wakili aliye mbele ya kadhi. Watu wanamshangilia. Mmoja anapaza sauti kwamba Brutus naye afanywe Caesar! Yaani mtu ameua ili pasiwe na mfalme, na wasikilizaji wake wanataka kumvika yeye taji. Hawakushika hata neno moja.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka tulifunzwa kutenga mambo mawili. Kuna fasaha, nayo ni usafi wa maneno. Kuna na balagha, nayo ni maneno kuafikiana na hali ya anayeambiwa, hata yamfike. Brutus alikuwa na fasaha. Balagha alikuwa nayo Antony.

Huyu bwana anapanda jukwaani na maiti mbele yake. Anakana kwamba amekuja kumsifu marehemu. Anasema Brutus ni mheshimiwa. Anataja jema moja la Caesar, kisha anarudia kwamba Brutus ni mheshimiwa. Anataja la pili, anarudia tena. Mara ya kwanza neno ni heshima, baadaye ni mashaka, na mwishowe wasikilizaji wenyewe ndio wanaolitupa chini na kuwaita wauaji wasaliti. Antony hakumtukana mtu. Aliliacha neno lijitukane lenyewe. Halafu anawaonyesha wasia na kukataa kuusoma, ili waombe wao. Anashuka jukwaani, anasimama kati yao, analishika joho la Caesar na kukumbuka jioni ambayo marehemu alilivaa kwa mara ya kwanza, kisha anaonyesha tundu kwa tundu mahali kisu kilipopita. Mlevi wa siasa yeyote wa Eastlands ataitambua kazi hii: kushuka kwenye gari, kugusa watu, kushika kitu cha marehemu.

Je, Antony alimpenda Caesar? Hapa ndipo wengi wa wanaofundisha tamthilia hii wanapopita mbio. Wanamwita mnafiki, wanaendelea. Lakini kabla ya mazishi, alipoachwa peke yake na maiti, pasipo hata mtu mmoja wa kumdanganya, Antony alilia na kuomba radhi. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Na mtu huyo huyo, baada ya hotuba, anasema kwa utulivu kwamba shari sasa imeanza kutembea na iende itakako. Muda si muda tunamkuta mezani na wenziwe wakitia alama majina ya watakaouawa, mpwa wake akiwamo, na akiagiza ule wasia uletwe wapate kupunguza walichoachiwa watu. Wasia ule ule aliowalizia! Kiswahili cha pwani kina upendo, mahaba, huba na shauku, lakini sijui neno moja litoshalo kutaja penzi la kweli lililogeuzwa silaha. Na silaha ya namna hiyo ni kali kuliko uongo, kwa kuwa machozi yake hayana walakini.

Anayelipa ni nani? Si Brutus kwanza. Ni mshairi aitwaye Cinna, ambaye hakumgusa mtu. Anatembea njiani kwenda kumzika rafiki yake, umati unamzunguka na kumuuliza jina, aendako, akaako, kama ana mke. Jina lake limeshabihiana na la mmoja wa wauaji. Anapiga kelele kuwa yeye ni mshairi tu. Wanajibu kwamba basi na auawe kwa ubaya wa mashairi yake. (Tungalihukumiwa hivyo sote, kurasa za mashairi za magazeti zingekuwa makaburi.) Kwa miaka mingi wachezaji wa Uingereza walilikata onyesho hili wakiliona dogo. Orson Welles aliporudisha uzito wake huko New York mwaka 1937, akiwavika wachezaji sare za kama wafuasi wa Mussolini, ndilo lililowatia watazamaji baridi.

Mkazi wa Eastlands hahitaji Mussolini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora zilikuwa na njia ambazo mtu aliulizwa jina lake kabla ya kupita, na jina likatosha kuwa hukumu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Ajabu ni kwamba hii ndiyo mitaa iliyozaa Sheng, lugha tunayoilaumu kila siku sisi watu wa pwani, na ambayo watoto wa makabila yote waliibuni uani ili waelewane. Walikuwa na lugha moja. Walichokosa ni sikio la kupima maneno ya anayewahutubia kwa machozi.

Sikio hilo halipatikani kwa miongozo ya mitihani. Wanafunzi wetu walisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, tamthilia ambayo jina lake tu ni kejeli ya namna ya Antony, na wengi wao waliisoma kimya, kalamu mkononi, wakisaka sifa za mhusika ili wazikariri. Nairobi haina meya tangu 2013, wastahiki hawajapungua. Kejeli haisikiki kwa macho. Mtoto asimame, alitamke lile neno mara ya kwanza kwa heshima na mara ya tano kwa sumu, na wenziwe waseme ni wapi hasa lilipogeuka.

Kumbi za kufanyia hayo zipo. Kaloleni ina ukumbi uliosikia hotuba za siasa tangu kabla ya Uhuru, Pumwani ina wake, Makadara kadhalika. Tunawaomba walimu wa Kiswahili na vijana wa michezo ya kuigiza wazichukue hotuba hizi mbili kwa Kiswahili cha Mwalimu, na wakitaka wazitafsiri upya kwa Sheng, nasi wa vina na mizani tutakwenda kuketi nyuma tukanyamaza. Sharti letu ni moja: onyesho la Cinna lisikatwe. Ni fupi, halihitaji pazia wala taa. Linahitaji mtu mmoja anayepita njia, na wenzake watano au sita wanaomuuliza jina.