Kampuni binafsi za treni hukua penye shehena: Funzo kwa reli ya Mtwara–Mbamba Bay

MBAMBA BAY, Nyasa – Septemba 2024, katika ziara yake mkoani Ruvuma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya lami ya Mbinga–Mbamba Bay yenye urefu wa kilomita 66, na kuweka jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay katika Ziwa Nyasa. Kiungo kinachosubiriwa sasa ni reli ya kutoka Mtwara, yenye urefu wa takribani kilomita 1,000 pamoja na matawi yake ya kwenda Mchuchuma na Liganga, wilayani Ludewa. Serikali imeeleza kuwa reli hiyo itajengwa kwa ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi.

Uamuzi huo unazaa swali linalowahusu moja kwa moja wakulima wa kahawa wa Mbinga, wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyabiashara wa pande zote za ziwa: kampuni binafsi ya kusafirisha shehena kwa reli hukua katika mazingira gani, na ikikua, ni nani anayenufaika?

Jibu la karibu zaidi lipo katika reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Katika mwaka 1977/78 reli hiyo ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2. Kufikia mwaka 2014/15 kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi tani 88,000 hivi. Shaba ya Zambia na ya Kongo haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehamia kwenye malori, kwa kuwa vichwa vya treni vilikuwa vimechakaa na mabehewa hayakutosha.

Katika hali hiyo TAZARA ilifungua njia yake kwa mwendeshaji binafsi, kampuni ya Calabash Freight. Katika utaratibu huo, mamlaka inabaki na reli, stesheni na mawasiliano ya kuongozea treni. Kampuni inaleta vichwa vya treni na mabehewa, inatafuta wateja, kisha inalipa tozo ya kupita. Upana wa reli ya TAZARA, milimita 1,067, ni ule ule unaotumika Kusini mwa Afrika, hivyo mitambo na mabehewa ya ukanda huo yanaweza kutumika bila kubadilishwa. Kampuni ya namna hii haihitaji mtaji wa kujenga reli. Inachohitaji ni mzigo wa uhakika na njia inayopitika.

Hata hivyo, tozo ya kupita pekee haikutosha kuifufua njia yenyewe. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilikabidhi ukarabati na uendeshaji wa TAZARA kwa kampuni ya CCECC ya China, kwa mkataba wa miaka 30 wenye uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Treni binafsi zinaweza kuongezeka kwa haraka, lakini mataruma, madaraja na makaravati yanahitaji mfuko mwingine wenye subira.

Tanzania inaufahamu pia upande wa pili wa ubia. Mwaka 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49. Mkataba ulikusudiwa kudumu miaka 25. Ulivunjika ukiwa bado mchanga, na kufikia mwaka 2011 Serikali ilikuwa imezirejesha hisa zote mikononi mwake. Sheria ya Reli ya mwaka 2017, iliyoanzisha Shirika la Reli Tanzania kwa sura yake ya sasa, ilikuja baada ya fundisho hilo. Leo waendeshaji binafsi wana nafasi ya kupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, bila reli yote kuwekwa mikononi mwa mmoja.

Kwa upande wa shehena, mfano mkubwa upo jirani. Reli ya kutoka Moatize, Msumbiji, kupitia kusini mwa Malawi hadi bandari ya Nacala, yenye kilomita 912, iliendelezwa na kampuni ya Vale ya Brazil pamoja na Mitsui ya Japani kwa ajili ya makaa ya mawe. Mgodi ndio uliobeba deni la reli. Mgodi na reli viliuzwa kwa pamoja kwa kampuni ya Vulcan mwaka 2022, jambo linaloonyesha jinsi hatima ya treni inavyofungamana na hatima ya mzigo wake mkuu.

Kusini mwa Tanzania kuna mfano mchungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza ulijenga reli ya kuelekea Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulisambaratika mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Mikoa ya Kusini ikabaki na bandari nzuri ya Mtwara isiyo na reli, hali iliyopo hadi leo.

Je, Mbamba Bay ina mzigo wa kuizuia historia hiyo isijirudie? Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamekuwa yakichimbwa tangu mwaka 2011, na sehemu yake husafirishwa kwa malori hadi Mtwara, safari ya mamia ya kilomita. Treni moja ya mabehewa 20, kila behewa likiwa na tani 40, hubeba tani 800, sawa na malori 27 ya tani 30. Kila safari ya treni ni nafuu kwa barabara iliyojengwa kwa fedha za umma.

Mzigo wa kurudi nao upo. Kiwanda cha saruji cha Dangote mjini Mtwara kinahitaji makaa ya mawe na kinahitaji soko. Saruji na mbolea vinaweza kupanda hadi Mbamba Bay na kuvuka ziwa kwenda Nkhata Bay, Malawi. Meli za mizigo za MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, tayari zipo ziwani. Treni inayokwenda imejaa na kurudi tupu humtoza mteja gharama ya safari mbili. Yenye mzigo kote kuwili hupunguza nauli.

Linalobaki ni masharti. Mwekezaji atakayejenga reli kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma atapenda kuipa shehena yake kipaumbele, na ana haki ya kurejesha mtaji wake. Lakini chama cha msingi cha ushirika chenye magunia machache ya kahawa hakiwezi kujaza treni nzima, wala mfanyabiashara wa mahindi wa Songea. Bila kifungu kinachowahakikishia mabehewa, ratiba na nauli inayojulikana, treni zitapita Mbinga bila kusimama. Vivyo hivyo, mkataba usiposema wazi nani anatunza njia na nani anabeba hasara bei ya makaa ikishuka, mzigo huo utarudi kwa mlipakodi.

Mambo hayo ni rahisi kuyaandika kabla ya taruma la kwanza kulazwa, na ni ghali kuyadai baadaye. Bandari na barabara zimekwisha kuipa Mbamba Bay sauti katika mazungumzo hayo. Wakati wa kuitumia ni sasa, mkataba ungali unatafutwa.