Mfuko wa Makumbusho Uligeuka Mfuko wa Mazishi

Kulikuwa na meli ya kivita iliyoitwa Kenya. Si hadithi ya kutunga. HMS Kenya iliteremshwa majini Glasgow mwaka wa 1939, ikapigana Vita Vikuu vya Pili, ikafika hadi Korea, halafu 1962 ikakatwakatwa kama vyuma vya Gikomba. Mwenzake, HMS Belfast, alikuwa njiani kuelekea huko huko. Watu wakakataa. Nahodha wake wa zamani, Morgan-Giles, ambaye sasa alikuwa mbunge, akaongoza kampeni, pesa zikachangishwa, na tangu Oktoba 1971 meli hiyo ni makumbusho mtoni Thames, katikati ya London.

Najua unachowaza: chuma cha mzungu kinatuhusu nini?

Mimi kinanihusu kwa sababu ya guka wangu. Anaishi Dagoretti, ana miaka tisini na kitu. Wakati wa Hali ya Hatari alizuiliwa kambini, na hadi leo mbwa akibweka usiku yeye huwasha taa. Miaka kama kumi na mitano iliyopita, yeye na wazee wenzake kumi na mmoja walianza kuchanga mia mbili kila mwezi. Walitaka chumba kimoja tu cha mabati, waweke vitu vyao: blanketi la kambini, barua, kipande alichovaa babake shingoni. Chumba hakikujengwa. Kila mzee alipofariki, pesa zilinunua jeneza. Mfuko wa makumbusho ukageuka mfuko wa mazishi. Wamebaki wawili.

Kuna jamaa aliniambia, "Si walichelewa wenyewe?" Zii. Waliocheleweshwa hawajachelewa. Mkoloni alipiga Mau Mau marufuku mwaka wa 1950. Bendera yetu ikapanda 1963. Marufuku iliondolewa lini? 2003. Miaka arobaini tuliimba wimbo wa taifa huku sheria ikiwahesabu wazee hawa kuwa wanachama wa kundi haramu. Utazungusha bakuli la mchango vipi kwa jina ambalo sheria imelikataza? Mabaharia wa Belfast hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wazee 5,228 walioteswa. Ikagharamia pia mnara ulio Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Sina shida na hiyo; aliyekuumiza akulipe. Shida yangu ni sisi. Mtesaji ametoa chake. Sisi tuliokombolewa tumetoa nini?

Utaniambia kuna sanamu ya Kimathi pale tauni tangu 2007. Ipo, na tunaitumia vizuri sana: "Niko hapa kwa Kimathi, uko wapi?" Sanamu ni rahisi kuheshimu, bana. Haiugui, haiombi nauli ya kwenda kliniki, haikusimulii jambo ambalo hukutaka kusikia. Mzee aliye hai hufanya yote matatu.

Na usiniambie hatuna pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa kukosa karo, kukosa nakujua kwa jina. Lakini simu yangu ina makundi saba ya michango: harusi, ruracio, matanga, hadi sherehe ya mtoto ambaye hajazaliwa. Bili ya meza moja ya Ijumaa usiku huko Westlands ingenunua mabati ya wale wazee, na chenji ibaki. Tunajua kuchanga. Tumechagua tu ni nani hastahili.

Siombi meli. Naomba chumba kimoja Dagoretti, kimoja Kangemi, kimoja kila mahali ambapo bado kuna mzee wa kusema "hili blanketi ni langu, na lilikuwa hivi." Akishaenda, litabaki kuwa kitambaa kilichochakaa.

Jumapili nilipanda matatu nikaenda kwa Guka na simu iliyojaa chaji, nimrekodi. Akakataa kuanza na hadithi yake. "Andika majina kwanza," akasema. Tukaandika kumi na mawili, kumi yakiwa ya marehemu. Halafu nikamtumia mia mbili zangu za mwezi. Yeye ndiye mweka hazina. Akafungua kitabu chake cha zamani, akaniandikia risiti.