Kasongo na Kabambare: Shofere angejifunza kwanza kwenye usukani wa kompyuta

Kusini mwa jimbo la Maniema, vijana wengi wanaingia kazi ya ushofere kwa njia moja. Kijana anaanza kama msaidizi wa kamyo: anapakia mizigo, anaweka jiwe chini ya tairi kwenye mlima, na siku bosi wake akichoka, anaachiwa usukani. Barabara ni ya udongo, kamyo imejaa, na juu ya mizigo kumekaa watu. Hapo ndipo somo la kwanza linapofanyika, na kosa la mwanafunzi linalipwa na wasafiri.

Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo kanuni ya barabara nchini, inadai mwendeshaji awe na permi. Lakini karatasi peke yake haifundishi mguu kuachia ambreyaji polepole.

Kuna chombo kinachoweza kusaidia, ingawa wengi wanakiona ni mchezo wa watoto: usukani, au volani, unaounganishwa na kompyuta. Mfano ni Logitech G29, uliotoka mwaka 2015 kwa bei ya karibu dola 400 huko Marekani. Una pedali tatu, za mafuta, freni na ambreyaji, na mota ndani yake inafanya mikono isikie uzito wa kukata kona. Mti wa vitesi unauzwa kando.

Tofauti kati ya mchezo na mafunzo iko katika kuutengeneza. Usukani ufungwe kwa nguvu kwenye meza nzito, na pedali zizuiwe zisiteleze. Katika programu yake, mzunguko uwekwe kwenye digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Ukipunguzwa, mkono unazoea uongo. Vitesi viwe vya kubadilisha kwa mkono, misaada yote izimwe, na mwanafunzi aangalie kutoka kiti cha shofere, siyo kutoka nyuma ya gari. Euro Truck Simulator 2, iliyotengenezwa na kampuni ya SCS Software ya Ucheki mwaka 2012, inatosha kuanza: kamyo inazimika ambreyaji ikiachiwa vibaya, na trela inagonga ukuta bila kuua mtu.

Chombo hiki kina mipaka. Hakina matope ya masika wala daraja la miti, na mwili hausikii gari likiinama. Kijana aliyeshinda kwenye kioo anaweza kujidanganya kwamba amekwisha kuiva. Kwa hiyo baada ya kompyuta lazima zifuate saa za kweli, kamyo ikiwa tupu, kando ya shofere mzee. Tena kompyuta ya namna hii inakula umeme mwingi kuliko paneli ndogo ya nyumbani.

Ndiyo maana jambo hili si la kijana mmoja. INPP iliundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha kazi. Chama cha mashofere, ACCO, kina wazee wenye ujuzi. Wenye kamyo ndio wanaopata hasara ya kwanza gari likianguka. Wakikaa pamoja na wasimamizi wa teritware hizi mbili, seti moja Kasongo na nyingine Kabambare si mzigo mkubwa.

Kamyo iliyoanguka inaweza kuinuliwa. Watu waliokuwa juu yake, si wote watakaoinuka.