Muhuri wa Kifutio



Ramadhani ilipobakisha siku tano, meza yetu ya kulia iligeuka karakana. Palikuwa na karatasi za manila zilizokwisha kukunjwa, vipande vya leso kuukuu, uzi, mkasi, na kidau cha wino wa zambarau kama kile kinachotumika maofisini. Katikati ya vurugu hiyo aliketi binti yetu wa miaka 9, kifutio cha penseli mkononi, akichonga. Alitaka kumpelekea shangazi yake kadi ya Idd.

Jambo hilo halikuwa dogo. Tangu ilipogawanywa nyumba ya marehemu mzee wetu huko Kibokoni, salamu baina yetu na shangazi huyo zilikuwa zimekatika. Tulikuwa tukikutana mazikoni, na kila mmoja akitazama upande wake. Hatukumkataza mtoto, wala hatukumhimiza. Tulinyamaza, kama tulivyokuwa tumenyamaza kwa miaka mitatu.

Kazi yenyewe ni nyepesi, na haihitaji fedha nyingi. Muhuri wa mpira ni mgeni ukilinganishwa na muhuri wa mbao au wa pete. Zamani mpira ulikuwa ukinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, hata ilipopatikana njia ya kuupika pamoja na salfa. Charles Goodyear wa Marekani alipewa hataza ya njia hiyo mwaka 1844, na baadaye mihuri ya mpira ikaenea ulimwenguni. Kwa kadi za nyumbani, kifutio cha mwanafunzi chatosha, hata kile cheupe cha plastiki. Kichague kilicho kipana, chenye uso laini usio na maandishi.

Chora umbo lako kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, kisha ilaze karatasi kifudifudi juu ya kifutio na uisugue kwa ukucha. Mchoro utahamia pale ukiwa umegeuka, na utakapopigwa muhuri utarudi katika hali yake ya asili. Hatua hii msiiruke; sababu yake mtaiona hapo chini. Ondoa sehemu zisizotakiwa kwa kisu chembamba, mistari ibaki imeinuka. Elekeza makali nje ya mstari ili chini yake pabaki pana. Ukichimba kwa ndani, mstari utakuwa mwembamba na utakatika siku ya pili. Penye mviringo zungusha kifutio, si kisu. Watoto wadogo wachore tu, kuchonga kufanywe na mkubwa au mbele yake.

Wino nao una tabia zake. Wino wa ofisini hunywewa upesi na karatasi, na juu ya karatasi ya kung'aa hauna subira: ukiugusa tu, umechafuka. Muhuri ukiwa mkubwa, usiuchovye kidauni. Chukua kidau ukigongegonge juu ya muhuri hata uso wote upate rangi. Weka magazeti mawili matatu chini ya kadi, ugandamize wima bila kuyumbisha mkono, kisha uinue mara moja. Na kwa unyevu wa pwani yetu, iache kadi ikauke usiku kucha kabla ya kuitia katika bahasha.

Katika mapambo ndipo tunapopapenda zaidi. Karatasi nyeupe ikipakwa maji ya chai ya rangi na kukaushwa hupata sura ya kale. Juu yake hubandikwa ukanda wa pindo la leso, na pembeni hupigwa muhuri wa ua la asumini ukirudiwarudiwa hata uwe taraza. Mwenye kutaka mfano wa taraza asiende mbali: misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu karne nyingi hazijapita ina mapambo ya pambizoni ambayo mchoraji yeyote angeyaonea wivu, na milango ya Lamu yasomeka kama kitabu. Tumieni gundi nyeupe ya dukani. Sisi tulitumia gundi ya unga mwaka mmoja, na mende wakasherehekea Idd kabla yetu.

Lipo jambo moja tunalolisisitiza. Kadi nyingi za arusi na za Idd huchapishwa aya tukufu, na wiki moja baadaye tumeziona zikikanyagwa katika matope ya sokoni. Muhuri hurudia neno mara mia bila kufikiri, na mpokeaji naye huitupa karatasi bila kufikiri. Kwa hivyo katika mihuri yetu tunachonga hilali, jahazi, ua na taraza. Maneno matukufu tunayaacha yasemwe kwa ulimi.

Turudi kwa binti yetu. Alichonga IDD MUBARAK kama ilivyo, bila kugeuza, na ilipopigwa ikatoka kinyume, herufi zote zikitazama nyuma. Alilia sana. Kilikuwa kifutio cha mwisho, mwezi umekwisha kuandama, na maduka yamejaa watu hata hapapitiki. Tulimwambia aandike kwa kalamu. Akakataa, akasema kazi yake ni ya muhuri. Akabandika pindo la leso, akapiga maua yake sita, na maneno akayaacha vivyo hivyo. Asubuhi, baada ya sala, kaka yake aliipeleka kadi, akaiacha mlangoni.

Siku hiyo haikuja habari. Wala siku ya pili. Siku ya tatu alasiri alibisha mtoto wa jirani yake shangazi, na sahani ya visheti iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shangazi asema mwambieni mtoto, kadi ameiweka mbele ya kioo, na ameisoma."

Visheti vimekwisha. Sahani tumeiosha, na i kabatini kwetu tangu juma lililopita, nasi twajua kwamba sahani ya watu hairudishwi tupu. Binti yetu ashauri tutie vileja. Kilichobaki ni kuamua nani kati yetu wakubwa ataibeba.