Sahani ya Mtoto Ipimwe Kama Shati: Tamko Kuhusu Viwango vya Lishe ya Chakula cha Shule

Limetolewa Athi River, Kaunti ya Machakos, na chama cha wazazi wafanyakazi wa viwanda vya EPZ.

Kwa Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya, Serikali ya Kaunti ya Machakos, Halmashauri ya EPZ, waajiri wetu, bodi za usimamizi wa shule, na wazazi wenzetu.

Sisi ni wazazi tunaofanya kazi katika eneo la EPZ la Athi River, yaani eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ya nchi. Wengi wetu ni kina mama tunaoshona nguo zinazovuka bahari hadi Marekani. Tunatoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, mtoto akiwa amekunywa chai ya rangi na kipande cha mkate, na wakati wa oda nyingi tunarudi giza limeshaingia. Chakula chake cha mchana hatukioni. Tumekiacha mikononi mwa shule, na kwa watoto wengi wa nyumba zetu ndicho mlo mkubwa kuliko wote wa siku.

Ndiyo maana mjadala unaoendelea nchini kuhusu viwango vya lishe ya chakula cha shule hatuwezi kuwaachia wataalamu peke yao. Tumeujadili kwa kina na tumeafikiana kusema yafuatayo.

Tunajua maana ya kiwango

Kazini kwetu, hakuna shati linalotoka bila kupimwa. Mkaguzi wa kwaliti huhesabu mishono katika inchi moja. Hupima kola, mkono na mfuko kwa tepu, na kipimo kikikosewa shati linarudi kwa aliyelishona, alifumue na kuanza upya. Hatulalamiki juu ya hilo. Ndiyo kazi yetu, na tunaifanya kwa fahari.

Mmoja wetu alipata siku ya mapumziko, akaenda kumtazama mwanawe wa Gredi ya 3 wakati wa chakula cha mchana. Githeri ilikuwa ya moto na watoto walikuwa wamepanga foleni vizuri. Alipokaa kando ya mtoto akaanza kuhesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yake. Katika sahani ile mlikuwa na maharagwe 9. Yaliyobaki yalikuwa mahindi na mchuzi mweupe. Alimuuliza mpishi, mama mwenzake, na mpishi akamjibu bila kuficha: hakuna aliyewahi kumwambia ni kilo ngapi za maharagwe zinafaa kuingia katika sufuria lile. Anapika kinacholetwa.

Hatumlaumu mpishi, wala shule ile hatuitaji. Tunachosema ni kwamba shati lina kipimo kinachojulikana na kila aliye kwenye laini ya kushona, ilhali sahani ya mtoto wa mshonaji haina kipimo ambacho mzazi, mpishi na mwalimu wote wanakijua.

Kipimo kipo, lakini hakijafika jikoni

Kenya haianzi sifuri. Tangu 1980, serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walilisha watoto shuleni katika maeneo kame. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa kununua chakula kutoka kwa wakulima wetu wenyewe, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi serikali kazi yote. Mgao uliotumika kwa miaka mingi unajulikana: kwa kila mtoto kwa siku, gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au jamii nyingine ya kunde, gramu 5 za mafuta, na chumvi yenye iodini. Mlo huo humpa mtoto karibu kalori 700.

Tuuseme kwa lugha ya jikoni. Watoto 100 wanahitaji kilo 15 za mahindi, kilo 4 za maharagwe na nusu kilo ya mafuta. Kilo 4 za maharagwe ni kama gorogoro mbili. Mzazi yeyote anaweza kusimama mlangoni mwa jiko la shule akaziona gorogoro mbili zikimiminwa, hata kama hajawahi kusoma waraka wa wizara.

Lakini mgao huo ni sakafu, si dari. Unashibisha, ila una mapengo. Mahindi meupe hayana vitamini A. Madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe huingia mwilini kwa shida ikiwa hakuna kitu chenye vitamini C pembeni, kama sukuma wiki, kabichi, nyanya au chungwa. Wasichana wetu wa Gredi ya 7 hadi ya 9, ambao sasa wanasomea katika shule zile zile za msingi, wanahitaji madini ya chuma kuliko ndugu zao wadogo, na bado wanapakuliwa kwa kikombe kile kile. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Watoto hao ndio wanaoingia chekechea na Gredi ya 1. Shule inawapokea wakiwa tayari na deni mwilini.

Usalama kwanza

Hapa Ukambani hatuhitaji kufundishwa kuwa mahindi yanaweza kuua. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Miongoni mwetu wapo waliotoka maeneo hayo.

Viwango vya Kenya vinataka mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, wala aflatoksini inayozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hiyo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo kuyatazama magunia hakutoshi. Shule inayopokea mahindi bila karatasi ya vipimo inawalisha watoto kwa kubahatisha.

Kuna pia jambo la maji. Visima vingi vya eneo letu vina maji ya chumvi, na vingine vina floraidi inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Maharagwe hayaivi upesi katika maji magumu. Mpishi anayebanwa na saa na bei ya kuni hutia magadi. Maharagwe hulainika, lakini magadi huharibu vitamini B1 na huweza kuongeza floraidi nyingine juu ya ile iliyomo majini. Dawa yake ni rahisi: maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na shule ipate maji yaliyopimwa. Kiwango cha lishe kisichogusa maji na kuni kitaishia kwenye karatasi.

Hoja tulizozisikia, na majibu yetu

Wapo wanaosema kwamba mwenye njaa hachagui: tushibishe watoto wote kwanza, mambo ya vitamini yaje baadaye. Tunaielewa hoja hii, maana njaa tunaijua. Lakini kuongeza gorogoro moja ya maharagwe na mafungu machache ya majani ya kunde au terere hakumnyimi mtoto mwingine chakula. Serikali imeahidi kufikisha chakula cha shule kwa watoto milioni 10 ifikapo 2030. Tukisubiri hadi mwaka huo ndipo tuulize wanakula nini, tutakuwa tumezoeza nchi nzima sahani yenye mapengo.

Wapo wanaohofia kwamba viwango vitawapa zabuni wafanyabiashara wakubwa na kuwafungia nje mama wa kibanda na mkulima mdogo. Hofu hii ni ya haki, na jibu lake ni namna kiwango kinavyoandikwa. Sheria ya Brazil ya mwaka 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia. Nasi tunaweza kuandika kwamba kunde, ndengu na mbaazi za Machakos, Makueni na Kitui zihesabiwe kwanza. Mazao hayo huvumilia ukame wetu kuliko mahindi, na yamejaa protini.

Wapo wanaosema kipimo kimoja hakiwezi kufaa nchi nzima. Ni kweli kwamba Turkana si Athi River. Lakini India, yenye mapishi mengi kuliko sisi, imeweka katika sheria yake ya mwaka 2013 kalori 450 na gramu 12 za protini kwa mtoto wa madarasa ya chini, na kalori 700 na gramu 20 za protini kwa wa madarasa ya juu, kisha ikaachia kila jimbo lichague chakula chake. Jirani zetu Tanzania walitoa mwongozo wao wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi mwaka 2021. Tunaweza kuwa na kipimo kimoja na vyungu vingi.

Mpaka wa kaunti usigawe sahani

Wafanyakazi wa EPZ tunalala katika kaunti tatu. Anayeishi upande wa Nairobi, mtoto wake katika shule ya umma amepata nafasi, tangu 2023, ya kula chakula cha mpango wa kaunti hiyo, Dishi na County, kwa shilingi 5. Anayeishi Mlolongo yuko Machakos. Anayeishi Kitengela yuko Kajiado. Tunaketi kwenye laini moja, tunapokea mshahara wa aina moja, lakini watoto wetu wanakula kulingana na upande wa barabara tuliopanga chumba. Na wale ambao watoto wao wako katika shule ndogo za binafsi za mitaani, kwa sababu shule za umma ni chache au zimejaa, mara nyingi hawahesabiwi na mpango wowote.

Katiba haikugawanya hivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha ubora unaokubalika. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Baadhi yetu tulikunywa maziwa ya Nyayo, ya bure shuleni, yaliyoanza mwaka 1979, na tunakikumbuka kile kipakiti cha pembe tatu. Yalikuja kwa agizo la Rais, na katika miaka ya 1990 yakafifia hadi yakaisha. Hatutaki lishe ya watoto wetu itegemee hisani ya kiongozi tena. Tunataka sheria.

Tunachodai

1. Bunge litunge sheria yenye kiwango cha chini cha lishe kwa kila mlo wa shule, kwa umri, ikitaja kalori, protini, madini ya chuma na vitamini A, na mboga ya majani au tunda angalau mara tatu kwa wiki.

2. Mahindi na maharagwe ya shule yapokelewe tu pamoja na vipimo vya unyevu na aflatoksini. Mafuta na unga wa viwandani viwe vilivyoongezewa virutubishi kama sheria inavyotaka tangu 2012, wala si mafuta ya kupima yasiyo na alama.

3. Serikali ya Kaunti ya Machakos, ambayo Katiba imeikabidhi elimu ya chekechea, itenge fedha za mlo wa watoto hao na za maji salama katika kila jiko. Izungumze pia na Nairobi na Kajiado ili mtoto wa mfanyakazi asipotelee mpakani.

4. Wapishi walipwe kwa wakati, wafundishwe, na wapimwe afya kwa gharama ya mpango wa chakula cha shule, si kutoka mfukoni mwao.

5. Mtoto asinyimwe sahani mbele ya wenzake kwa sababu ya deni la mzazi la mchango wa chakula. Deni lizungumzwe na mzazi.

6. Kampuni za EPZ zinazofaidika na msamaha wa kodi ya faida kwa miaka 10 zishirikiane na Halmashauri ya EPZ kuchangia majiko ya shule zinazosomesha watoto wa wafanyakazi, na zitupe ruhusa ya nusu siku kila muhula, bila kukatwa mshahara, tukakague.

7. Wauzaji wa langoni wasifukuzwe. Ni kina mama kama sisi. Wapangiwe pamoja na shule kuuza viazi vitamu, ndizi, mayai na mahindi ya kuchemsha badala ya soda na krisps.

Tunachoahidi

Hatutadai tu. Kila shule yenye watoto wetu tutaichagulia wazazi wawili wa zamu. Tutajifunza vipimo kama tulivyojifunza mashine. Mchango tuliokubaliana tutautoa, na palipo na upungufu tutasema mapema. Hatutamwaibisha mpishi wala mwalimu, tutakaa nao.

Na tunaomba jambo moja linaloweza kuanza Jumatatu, bila kusubiri Bunge. Kila jiko la shule liwe na ubao mlangoni. Kila asubuhi uandikwe kwa chaki: watoto wangapi leo, kilo ngapi za mahindi, kilo ngapi za maharagwe, mafuta kiasi gani, mboga gani. Mtoto anayejua kusoma atausoma, na jioni atamwambia mamaye. Mama aliyeshinda akihesabu mishono atajua, kabla hajalala, ikiwa maharagwe ya leo yalitimia.

Limetolewa na kamati ya chama kwa niaba ya wanachama wote, Athi River, Machakos.