Hesabu za chama zisipitishwe gizani

Nilihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi ni walimu. Ripoti ya mwaka, kitabu kinene kilichoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, tuligawiwa mlangoni. Mwekahazina aliisoma mizania mbio mbio, mmoja akapendekeza, mwingine akaunga mkono, na hesabu zikapitishwa kabla chai haijapoa. Maswali machache yaliyozuka yalihusu nauli na chakula cha mchana.

Neno kupitisha lina maana mbili: kuidhinisha jambo baada ya kulipima, na kukiacha kitu kipite tu. Nachelea kwamba vyama vyetu vingi vimebaki na maana hii ya pili.

Ikumbukwe kuwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 inaupa mkutano mkuu mamlaka ya juu kabisa katika chama. Bodi ni mtumishi wa mkutano huo. Lakini mamlaka hayo ni jina tupu iwapo mwenye mali haelewi anachoulizwa. Ukaguzi maalumu wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ulifichua hasara ya takriban shilingi bilioni 13. Hasara kubwa hivyo haizuki kwa usiku mmoja. Hukua mahali ambapo hapana anayeuliza.

Wapo watakaosema kwamba walimu ni wasomi, hawahitaji tafsiri. Sikubaliani nao. Mwalimu wa historia si mhasibu, na mpishi wa shule aliye mwanachama mwenzake ana kura moja sawa naye. Isitoshe, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Basi bodi zituandikie muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili sanifu, ukionyesha mapato, matumizi, mikopo isiyolipwa na marupurupu ya wakurugenzi, nao utumwe pamoja na ilani ya mkutano. Nanyi wanafunzi, anzeni kudai hivyo katika vyama vyenu vya shuleni.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari ambalo mwenye mali hawezi kulisoma lina faida gani?